Kuchongesha nembo ya ukumbi wa halmashauri Mtwara na Mikindani: tathmini ya huduma, kuanzia mchoro hadi boliti

Mtwara haina shida ya patasi. Fundi wa Kimakonde aliyekulia kwenye kazi anakutolea uso wa bibi kizee, mkunjo wa khanga na kidole kilichoshika mpini wa jembe bila kushika rula. Hata hivyo, nembo iliyochongwa kwa ustadi wote huo inaweza kupasuka katikati, kupauka au kuanza kuinama upande mmoja ikiwa bado changa ukutani. Kosa huwa haliko mkononi mwa mchongaji. Liko kwenye yale yaliyofanyika kabla hajashika tezo na baada ya kuiweka chini: mchoro, ukaushaji wa mbao na ufungaji.

Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuagiza: ofisa utamaduni, mhandisi wa halmashauri, au kamati inayotaka uso wa ukumbi useme jambo. Huduma zinazopatikana ni za aina tatu: wachongaji wa vibandani, mafundi wa kufinyanga kwa saruji, na maduka ya mabango yenye mashine ya kukata inayoendeshwa na kompyuta. Hatutaji kibanda wala duka kwa jina, kwa sababu tofauti kati ya aina hizi tatu ni kubwa kuliko tofauti kati ya kibanda na kibanda.

Kwanza, neno lenyewe. Nembo si neno geni kusini. Wamakonde wana dinembo, chale za mistari na pembe zilizochorwa usoni na mwilini, ambazo mtu alizisoma akajua aliyesimama mbele yake ni wa wapi. Nembo ya jengo inafanya kazi ileile. Asiyejua kusoma, mgeni aliyeshuka stendi, mtoto wa darasa la kwanza, wote wanapaswa kuitazama na kujua hapa ni nyumba ya nani na wenyeji wanathamini nini. Kama inahitaji mtu wa kuieleza, haijafika.

Tuanze na mchoro, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mteja humpelekea fundi picha ya simu, ndogo kama kiganja, na kumwambia "nitolee hii, mita moja na nusu". Fundi anakuza kwa jicho. Nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana, haivumilii kukuzwa kwa jicho. Ngao ina sehemu nne kutoka juu kwenda chini: ya dhahabu yenye mwenge unaowaka, ya bendera, nyekundu yenye shoka na jembe vilivyopishana, na ya mawimbi. Mkuki umesimama katikati. Ngao imekaa juu ya Mlima Kilimanjaro, bibi na bwana wameshika pembe za ndovu, na utepe wa chini umeandikwa Uhuru na Umoja. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Hapo kwenye mimea ndipo pa kukagua kwa kidole. Mchongaji akikosa picha safi huweka majani ya namna moja pande zote mbili, au hubadilisha upande, au huchonga kahawa kwa kudhani ndiyo zao la mlimani. Karafuu ichongwe vikonyo vyenye vichwa vinne vinne, kama misumari midogo iliyofungwa pamoja. Pamba ichongwe tumba lililopasuka na nyuzi kuvimba nje. Kwa umbali wa mita kumi tofauti hiyo inaonekana.

Kumbuka pia kwamba nembo hiyo inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa. Ofisi ya umma ina haki nayo. Duka, hoteli au chama binafsi kisiitundike bila kibali. Mchongaji makini anauliza "hii inakwenda jengo gani?" kabla ya kupokea malipo. Asiyeuliza, mpunguzie alama.

Alama za mji wenyewe ndizo zinazotupa raha, kwa kuwa hapo fundi ana uhuru. Korosho ndiyo inayoombwa kwanza, na hapa wachongaji wetu wanawashinda wote. Maduka ya mabango huchukua picha ya mtandaoni na kukuletea punje iliyomenywa, nyeupe, iliyopinda, ambayo kwa mbali ni mwezi mchanga. Korosho inayosomeka ni bibo na korosho yake pamoja: bibo limening'inia, limevimba upande wa chini, na korosho iko nje, chini kabisa, imejikunja kama figo. Ukiona korosho imewekwa juu ya bibo kama taji, au ndani yake kama kokwa, mchoraji hajawahi kusimama chini ya mkorosho. Jani liwe la mviringo lenye ncha butu, na mshipa wa kati uonekane.

Kwa Lindi, alama ambayo hakuna mji mwingine unaweza kuidai ni mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mnyama mkubwa wa kale. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwenye kilima hicho kilicho mkoani humo, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na sasa mifupa iliyounganishwa imesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin kwa urefu wa mita 13.27. Akichongwa, kosa la kawaida ni kumfanya kama kenge: miguu mifupi mbele, mkia ukiburuta ardhini. Mnyama huyu, Giraffatitan, alikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo ukiteremka kuelekea mkiani, shingo imepanda juu kama twiga, na mkia hewani. Mpe fundi mchoro wa mifupa, si katuni.

Mwali wa gesi asilia tunashauri uachwe. Mwali mmoja karibu na mwenge wa Nembo ya Taifa huchanganya, na kutoka chini mtu haoni kipi ni Uhuru na kipi ni bomba.

Kwa sanamu za mafumbo, yaani watu wanaosimama badala ya Haki, Umoja, Kazi au Neema, usimlazimishe fundi wa Mtwara kuchonga mwanamke wa Kizungu mwenye mizani na kitambaa machoni. Ataweza, lakini utapata nakala ya nakala. Mtindo wa ujamaa, nguzo ya watu waliobebana na kushikana kutoka chini hadi juu, ambao katika historia ya sanaa hii unahusishwa na Yakobo Sangwani, ni fumbo la umoja lililokamilika tayari. Tena umbo lake ni refu na jembamba, linakaa vizuri pande mbili za mlango mkuu ambako majengo ya kale ya miji huweka sanamu zao. Agiza jozi: nguzo moja ya wakulima na wavuvi, nyingine ya wazazi na watoto. Mtindo wa shetani, ule wa mapepo yenye maumbo ya ajabu, uachie ukumbi wa maonyesho. Una nguvu, ila mlangoni mwa ofisi ya ardhi unasema jambo jingine.

Sasa mwanga, jambo ambalo hakuna fundi anayelipwa kulifikiria na ndilo linaloamua kama nembo itaonekana. Mtwara na Lindi ziko kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Oktoba 20 na tena karibu na Februari 21. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Maana yake, ukuta unaotazama kaskazini una mwanga wa mchana kwa miezi minane, na ukuta unaotazama kusini unaupata kwa miezi minne tu, tena wakati jua liko karibu wima na mawingu ya mvua yapo. Kwa ukuta wa kaskazini, mbao tupu yenye kina cha milimita 40 inatosha kutoa kivuli chenye maana. Kwa ukuta wa kusini, nenda milimita 70 au ukubali kupaka rangi, vinginevyo utakuwa na sahani ya kahawia.

Jua la utosini lina ubaya wake pia. Kila kilichochomoza kinamwaga kivuli chini yake: paji la uso linafunika macho, ngao inafunika mlima. Fundi asichonge macho kwa kutoboa ndani kama anavyofanya kwenye kinyago cha mezani. Kope la chini litoke mbele kidogo ili lidake mwanga. Paji lipunguzwe. Kichwa kiwe kikubwa kwa sehemu moja ya kumi kuliko kipimo cha kweli, kwa kuwa anayetazama kutoka chini huona vichwa vidogo na miguu mikubwa. Na nembo yote iinamie mbele: sehemu ya juu itoke ukutani kuliko ya chini kwa milimita 60 kwa kila mita ya urefu. Hapo uso unamtazama mtu aliye getini, na maji ya mvua hayakai juu ya vidato.

Anayeona haya ni makuu asikie habari za ukumbi wa jiji la Philadelphia, Marekani, uliojengwa kati ya 1871 na 1901. Una sanamu zaidi ya 250 zilizosanifiwa na Alexander Milne Calder, na juu ya mnara amesimama William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, wa shaba, urefu wa zaidi ya mita 11, uzito wa tani 24 hivi. Calder alitaka uso wake utazame kusini, ambako kwao jua hutoka sehemu kubwa ya siku. Uliwekwa ukitazama kaskazini-mashariki, na uso wa sanamu hiyo ukawa kivulini muda mwingi. Kazi ya miaka, na mtu wa chini haoni macho. Kwa hiyo kabla ya mbao kununuliwa, chora nembo kwa ukubwa wake kamili kwenye plaiwudi, itundike mahali pake, na uitazame kutoka getini saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Plaiwudi moja na siku moja, basi. Mchongaji anayekubali hatua hii bila kunung'unika, mshike.

Mbao. Wateja wengi husema "mpingo" kabla hujamaliza swali, kwa sababu ndio fahari ya kusini. Kwa uso wa jengo, jibu letu ni hapana. Mpingo una uzito wa kama kilo 1,250 kwa mita moja ya ujazo, na huzama majini. Nembo ya duara yenye kipenyo cha mita 1.2 na unene wa milimita 75 ingekuwa na kilo 106 kabla ya kuchongwa. Ya mninga ingekuwa na kilo 54 hivi. Tena mpingo haupatikani mpana. Gogo ni jembamba, limepinda, mara nyingi lina uwazi moyoni, kwa hiyo utaunganisha vipande vingi, na mafuta yaliyomo ndani ya mti huo hukataa gundi. Weka mpingo ndani: ngao ya sentimita 50 nyuma ya kiti cha mwenyekiti wa baraza la madiwani, iliyosuguliwa kwa msasa namba 400 kisha 600 na kupakwa nta, ambapo weupe wa mbao ya nje, iliyo chini ya ganda la mti, umeachwa kwa makusudi kama fremu. Hapo hakuna mbao duniani inayoufikia.

Kwa nje, chagua mninga. Hucheza kidogo sana unyevu ukipanda na kushuka, huchongeka vizuri, na mchwa hauupendi. Mkongo ni mgumu zaidi na hudumu, unafaa kwa nguzo za mlangoni na kwa mihimili ya nyuma, ila huchosha patasi na maelezo madogo hukatika. Mti mwepesi unaotumika kuchongea lipiko, barakoa ya ngoma ya Wamakonde, usiukubali kabisa kwa kazi ya nje: ni mwepesi kwa sababu mchezaji anaubeba kichwani, na bungua huumaliza.

Kuna ulaghai mmoja wa kuufahamu. Mti mweupe hupakwa dawa ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Chukua pamba, iloweshe kwa spiriti, sugua kitako cha kinyago mara kumi. Mpingo wa kweli unaweza kuacha doa hafifu la kahawia. Dawa ya viatu huacha pamba nyeusi tii, na chini yake mti unaanza kung'aa umanjano. Kisha omba kipande kilichobanduliwa kwa tezo ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kikielea, maliza mazungumzo.

Uliza pia karatasi. Mbao halali ina alama ya nyundo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkoa wa Lindi una misitu ya vijiji wilayani Kilwa ambayo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji; mti uliotoka kwenye msitu wa namna hiyo ndio unaostahili kutundikwa kwenye ukumbi wa serikali ya mitaa. Nembo ya halmashauri iliyochongwa kwa mbao ya magendo ni aibu iliyotundikwa mlangoni.

Kukausha ndiko udhaifu mkubwa wa huduma ya vibandani, na tunalisema hili kwa kuwa tunawatakia heri wachongaji. Desturi ya kuchonga mti ungali na maji ni nzuri kwa kinyago kidogo, kwani patasi inapita laini. Kwa ubao wa nembo ni hatari. Kanuni ya kukausha kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ubao wa milimita 75 basi hautakauka kwa miezi miwili kwa sababu tu sherehe ya uzinduzi imekaribia. Njia ya kuokoa muda ni kununua mbao za milimita 25 hadi 40 zilizokaa, kuzipandisha kwa tabaka, na kuchonga zikiwa zimeshikana. Ncha za mbao zipakwe nta au rangi nzito tangu siku ya kupasuliwa, kwa maana nyufa huanzia nchani. Kama kibanda hakina kipimo cha unyevu, pima kwa mizani: kipande kilekile kipimwe kila wiki, wiki nne zikipita bila uzito kushuka, kiko tayari. Anza kukausha Juni. Mvua za kusini huanza kama Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na mbao iliyoanikwa kipindi hicho inakunywa unyevu badala ya kuutoa.

Kwenye kuunganisha, upana wa kila ubao usizidi milimita 150, na kiini cha mti kigeuzwe juu na chini kwa zamu ili mapindo yafutane. Gundi nyeupe ya kawaida haifai nje. Mvua mbili tatu inalainika. Tumia epoksi. Kama ni mpingo, futa kiungo kwa thina dakika chache tu kabla ya kupaka, maana mafuta hurudi juu. Bana kwa klempu usiku mzima, wala usikaze mpaka gundi yote itoke.

Herufi ndizo zinazowaumbua mafundi wazuri. Kipimo cha kuanzia ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, hivyo kwa mtu aliye mita 12 herufi ziwe za milimita 100. Unene wa mguu wa herufi uwe sehemu moja ya sita ya urefu wake. Zichongwe kwa kuzama, mfereji wa umbo la V, si kwa kuinuka. Sababu ni nyuzi za mbao: ubao ukilala, herufi iliyoinuka yenye mguu uliosimama, kama I, T au H, inakuwa imekatwa nyuzi, na kipande huruka kwa pigo dogo la ngazi ya mpaka rangi. Mchoro wa herufi uchapwe kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, ubandikwe, uchongwe juu yake. Asome mtu wa tatu kabla ya patasi kugusa; fundi na mteja wote wawili wamekwisha kuizoea na hawaoni herufi iliyoruka.

Rangi ina somo moja linalouma. Ile rangi ya dhahabu ya unga inayouzwa kwenye kopo dogo ni unga wa shaba na zinki. Siku ya uzinduzi inang'aa. Hewa ya chumvi ikishaipata, mwenge unageuka kahawia yenye ukijani, na sehemu ya dhahabu ya ngao inafanana na kaki. Tumia rangi ya mafuta ya njano iliyokoza, au kama bajeti inaruhusu, jani la dhahabu halisi kwa mwali wa mwenge tu. Vanishi ya boti inafaa kwa mbao isiyopakwa rangi, lakini hubanduka kwenye kingo kali, kwa hiyo mwambie fundi azilainishe kingo zote kidogo kwa msasa. Mafuta ya kitani peke yake yaepukwe: kwenye unyevu wa pwani hushika ukungu mweusi. Mafuta ya maganda ya korosho ni kinga nzuri ya mchwa kwa upande wa nyuma, na huku kwetu hayatafutwi mbali. Yasipakwe usoni pa nembo kwa kuwa ni meusi na rangi haishiki juu yake. Avae glavu nene anayepaka, kwani yanachoma ngozi hadi malengelenge.

Ufungaji unategemea ukuta. Mtwara mjini ilikua baada ya 1947, pamoja na bandari na Mpango wa Karanga, kwa hiyo kuta nyingi ni za tofali na zege na boliti ya kupanuka inashika. Mikindani ni habari nyingine. Kuta za kale za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Boma la Mjerumani la 1895 ni mfano wake. Boliti ya kupanuka ikikazwa kwenye ukuta kama huo husaga chokaa na kujilegeza yenyewe. Toboa kwenye jiwe, si kwenye kiungo, kina cha milimita 200, puliza vumbi lote, na ujaze gundi ya resini kabla ya kuingiza fimbo. Pengo usizibe kwa saruji. Saruji ngumu juu ya chokaa laini hufungia unyevu ndani, chumvi inachanua, na uso wa jiwe unabanduka kama ngozi.

Boliti ziwe za chuma cha pua daraja 316, au shaba. Chuma cha kawaida hupata kutu, na kutu ikikutana na utomvu wa mti hutoa machozi meusi yanayoshuka usoni pa bibi na bwana. Doa hilo halitoki kwa sabuni. Nyuma ya nembo pigilia mihimili miwili ya mkongo, na matundu ya boliti kwenye mihimili hiyo yawe marefu, milimita 10 kila upande, ili ubao upate kutanuka na kujirudi. Boliti moja tu ya kati ndiyo ikazwe moja kwa moja. Fundi anayepiga boliti nne kwenye kona na kuzikaza zote ndiye anayeipasua nembo, ingawa atailaumu mbao. Acha nafasi ya milimita 25 kati ya nembo na ukuta ili hewa ipite.

Huduma ya saruji tunaipa nafasi ya pili, kwa nembo kubwa kuliko mita 2 na kwa kuta zisizo na upenu. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara, na mchanganyiko wa 1 kwa 3 juu ya wavu wa chuma unatosha. Linaloiua ni mchanga wa bahari. Chumvi yake inaozesha wavu, wavu unavimba, na baada ya muda mkono wa sanamu unadondoka ukiwa na chuma kinachochungulia ndani. Dai mchanga wa mto, uonje kwa ulimi. Ukiwa na chumvi utajua. Mafundi wengi wa saruji ni hodari wa maua na simba, ila nyuso zao hufanana. Mwite mchongaji afanye kielelezo cha udongo kwanza, mfinyanzi afuate.

Maduka ya mabango yana kasi na herufi zao zimenyooka. Kwa kibao cha chumba au mshale wa kuelekeza, nenda huko bila kusita. Ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) waliokata kwa mashine, ukitundikwa nje, hunywa maji kutoka ukingoni na kuvimba kama mkate uliolowa, na picha za plastiki hupauka, nyekundu ikitangulia. Si kazi ya uso wa ukumbi.

Kwa utaratibu wa malipo, halmashauri hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, na mchongaji ambaye hajasajiliwa hulazimika kupitia kwa mzabuni anayemega sehemu nzuri ya fedha bila kushika patasi. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii akikisaidia kikundi cha wachongaji kusajiliwa, kazi inafika kwa aliyeifanya. Gawa malipo mara tatu: asilimia 30 mchoro ukikubaliwa na mbao zikinunuliwa kwa risiti, 40 umbo likishatoka na kukaguliwa kabla ya msasa, 30 nembo ikiwa ukutani. Awamu ya katikati ndiyo yenye thamani, maana kosa la mkarafuu bado linarekebishika pale.

Siku ya makabidhiano panda ngazi. Gonga kila kiungo kwa kifundo cha kidole; sauti ya uwazi ni gundi iliyokosekana. Pitisha ubapa wa rula nyuma ya nembo uone kama nafasi ya hewa ipo kote. Mwaga jagi moja la maji juu na utazame yanapokwama: vidato hivyo vitobolewe tundu la milimita 6 upande wa chini. Ratiba ya mwaka ni fupi. Kila Juni, mvua zikiisha, osha kwa maji baridi na brashi laini kuondoa chumvi, kagua njia za mchwa nyuma, kaza boliti ya kati, na upake vanishi mpya kwenye vidato vya juu ambako jua na maji vinakutana.